Maswali ya Wasomaji: Faharasa ya VTOC kwenye Diski za Meinfremu

Safari hii maswali mengi yametoka kwa wasimamizi wa diski kwenye z/OS, mfumo-endeshi wa meinfremu za IBM, na karibu yote yanazungukia jambo moja: VTOC, yaani jedwali la yaliyomo la kila voliumu, pamoja na faharasa yake. Tumeyaunganisha yaliyofanana.

SWALI: Nimeanza kazi ya kusimamia diski hivi karibuni. Kila voliumu ina VTOC, halafu ina dataseti (faili) nyingine inayoitwa SYS1.VTOCIX. Ikiwa VTOC tayari ni jedwali la yaliyomo, faharasa ya nini tena?

JIBU: Kwa sababu VTOC haikupangwa kwa majina. Lebo ya voliumu iko silinda 0, traki 0, rekodi ya 3, na ndani yake kuna anwani inayoonyesha VTOC inapoanzia. VTOC yenyewe ni mfululizo wa rekodi ziitwazo DSCB, kila moja ya baiti 140: 44 za ufunguo na 96 za data. Rekodi ya kwanza ni Format 4, inayoeleza diski na VTOC yenyewe. Format 1 hubeba jina la dataseti na vipande vyake vitatu vya mwanzo. Dataseti ikizidi vipande vitatu, huongezewa Format 3, ambayo hubeba vipande 13 zaidi. Format 0 ni nafasi tupu inayosubiri kutumiwa. Dataseti mpya huandikwa kwenye nafasi tupu inayopatikana, kwa hiyo jina linaloanza na A linaweza kuwa limekaa baada ya jina linaloanza na Z.

Sasa fikiria kutafuta jina moja bila faharasa. Chaneli inaambiwa isome ufunguo baada ya ufunguo, traki baada ya traki, mpaka ikutane na jina au VTOC iishe. Kwenye 3390, aina ya diski ya IBM, traki moja huingiza DSCB 50. VTOC ya traki 150 ina nafasi 7,500, na jina lisilokuwepo kabisa hulazimu zote zipitiwe. Muda wote huo kifaa kimeshughulishwa.

Kutafuta nafasi ya kuandikia kulikuwa kugumu zaidi. Bila faharasa, nafasi huru ya diski huandikwa kwenye mnyororo wa Format 5, kila moja ikibeba vipande 26 vya nafasi huru. Diski iliyokatikakatika huwa na mnyororo mrefu, na kila dataseti ikiundwa au kufutwa mnyororo huo lazima usomwe na urekebishwe, huku voliumu imeshikwa kwa RESERVE (kufuli la diski nzima) na mifumo mingine ikisubiri.

Faharasa inaondoa kazi zote mbili. Ndani yake kuna rekodi za ukubwa sawa ziitwazo VIR, baiti 2,048 kila moja kwenye diski za kawaida, nazo ni za aina nne. VIXM huonyesha ni VIR zipi zimetumika na zipi ziko huru, na pia huelekeza mahali pa kuanzia utafutaji. VPSM ni ramani ya biti ya silinda na traki za diski nzima: ipi ina mwenyewe, ipi iko wazi. VMDS ni ramani ya DSCB, biti moja kwa kila DSCB. VIER ndizo zenye majina yenyewe, yamepangwa kwa mpangilio wa ufunguo, kila jina na anwani ya Format 1 yake. Majina yakiwa mengi, VIER hupandiana kwa ngazi: za juu huelekeza za chini, na za ngazi ya kwanza huelekeza kwenye VTOC. Jina sasa linapatikana kwa kusoma rekodi chache, na nafasi huru inaonekana kwa kuangalia biti.

Jambo la kushika hapa ni kwamba ukweli wa dataseti uko kwenye VTOC. Majina na anwani zilizo kwenye faharasa zimetokana nayo, na zinaweza kujengwa upya kutoka kwayo wakati wowote. Majibu yanayofuata yanategemea hilo.

SWALI: Kazi za usiku zinakatika kwa B37 na E37 (misimbo ya kukosa nafasi) kwenye voliumu moja. Nikiiangalia, ina silinda zaidi ya 2,000 tupu. Tumeongeza nafasi ya ziada kwenye JCL (maelekezo ya kuendesha kazi) mara kadhaa bila mafanikio.

JIBU: Acheni kuongeza namba kwenye JCL. Anzeni kwa kuhesabu DSCB. Dalili mnazozieleza zinaendana kabisa na VTOC iliyojaa: nafasi ipo, ila hakuna mahali pa kuiandika. Itokee dataseti inahitaji kipande cha nne, Format 3 inatakiwa, na Format 0 hakuna hata moja. Programu ya mtumiaji haielezwi hivyo waziwazi, inaambiwa tu nafasi imekosekana.

Njia ya haraka ya kuthibitisha ni ISPF 3.4 (skrini ya orodha za dataseti): andika herufi V mahali pa chaguo, jaza jina la voliumu, na skrini itaonyesha VTOC ina traki ngapi, imetumika kwa asilimia ngapi na DSCB huru ni ngapi. Ukitaka taarifa ya karatasi, tumia programu ya IEHLIST:

```
//ORODHA   EXEC PGM=IEHLIST
//SYSPRINT DD SYSOUT=*
//DISKI    DD UNIT=3390,VOL=SER=PROD01,DISP=OLD
//SYSIN    DD *
  LISTVTOC FORMAT,VOL=3390=PROD01
/*
```

Mwishoni mwa taarifa kuna hesabu tatu: silinda na traki tupu, DSCB tupu, na VIR ambazo hazijatumika. Someni zote tatu, kwa sababu kuna namna tatu za kujaa ambazo kwa mbali hufanana. DSCB zikiwa 0, VTOC imejaa. DSCB zikiwepo lakini VIR zimekwisha, iliyojaa ni faharasa, na ombi jipya litakataliwa vilevile. Zote mbili zikiwa na akiba, basi nafasi huru imesambaa vipande vidogo vidogo na kinachohitajika ni kuipanga upya kwa DEFRAG ya DFSMSdss, programu ya kunakili na kuhamisha data za diski.

VTOC ikiwa ndiyo imejaa, dawa ni kuirefusha kwa ICKDSF, programu ya kuandaa diski:

```
  REFORMAT UNITADDRESS(0A30) VERIFY(PROD01) EXTVTOC(225)
```

Namba 225 ni ukubwa mpya wote wa VTOC kwa traki, si nyongeza. VTOC lazima iwe kipande kimoja kisichokatika, kwa hiyo traki zinazofuata mara baada yake zinatakiwa ziwe huru. Pakiwa na dataseti imekaa hapo, ihamisheni kwanza, au tumieni NEWVTOC ili VTOC yote ihamie sehemu nyingine yenye nafasi. Kabla ya lolote kati ya haya, wekeni voliumu nje ya mtandao kwenye mifumo mingine yote inayoiona, na muwe na nakala ya diski nzima ambayo mmeshaijaribu kuirejesha.

Tahadhari kwa wanaotumia SMS (sehemu ya mfumo inayochagua dataseti iwekwe voliumu ipi): voliumu yenye VTOC iliyojaa inaweza kukaa miezi bila kugunduliwa, kwa sababu SMS hujaribu voliumu nyingine za kundi lilelile. Kiwango cha juu kinachowekwa kwenye kundi hupima nafasi ya diski, hakipimi DSCB. Kwenye ISMF, skrini za kusimamia SMS, orodha ya voliumu ina safu ya DSCB huru na ya VIR huru, na safu hizo zinastahili kuangaliwa kila wiki kama zinavyoangaliwa asilimia za nafasi.

SWALI: Konsoli imetoa IEC606I, kwamba faharasa ya VTOC imezimwa. Je, data imepotea? Na tufanye nini?

JIBU: Faharasa kuzimwa hakufuti dataseti yoyote. Mfumo umegundua kwamba faharasa haiaminiki, ukaizima, ukarudi kwenye utaratibu wa zamani wa Format 5. Voliumu inaendelea kutumika, ila taratibu zaidi, na mnaweza kuiona IEC604I pia, inayoeleza kwamba ubadilishaji wa VTOC umefanyika. Hata hivyo msiiache hivyo. Voliumu za SMS zinatakiwa ziwe na faharasa, na kila utafutaji sasa unapita VTOC nzima.

Kabla ya kuijenga upya, tafuteni chanzo, la sivyo itazimwa tena. Sababu hazizidi chache. Ya kwanza ni hitilafu ya kusoma au kuandika kwenye traki za faharasa. Angalieni kumbukumbu za hitilafu kwa EREP, programu inayozichapisha. Ya pili ni faharasa kutokubaliana na VTOC, na mara nyingi hiyo huletwa na mifumo miwili iliyoandika kwa wakati mmoja bila kuzuiana.

Hapo pa pili pana mtego unaowashika hata wazoefu. VTOC hulindwa kwa RESERVE yenye jina kuu SYSVTOC na jina dogo ambalo ni namba ya voliumu. GRS, sehemu inayoratibu kufuli kati ya mifumo, inaweza kuambiwa iigeuze RESERVE hiyo kuwa ENQ ya kawaida (kufuli la jina tu, lisiloshika diski nzima), jambo jema, mradi mifumo yote inayoiona diski iko kwenye GRS moja. Diski ikiwa inashirikiwa na mfumo ulio nje ya GRS hiyo, ENQ haiufikii mfumo huo hata kidogo. Kila upande unadhani uko peke yake, na siku wote wawili wakitenga nafasi kwa pamoja, dataseti mbili zinaweza kupewa traki zilezile. Ikifika hapo tatizo si la faharasa tena, ni la data, na IEC606I ndiyo imewaonya mapema. Hakikisheni voliumu za namna hiyo hazimo kwenye orodha ya kugeuzwa. Amri `D GRS,RES=(SYSVTOC,*)` itawaonyesha nani anashika nini kwa sasa.

Chanzo kikishaondolewa, ijengeni hivi. Kwanza ondoeni dataseti ya faharasa iliyozimwa, kwa sababu voliumu moja haiwezi kubeba majina mawili yanayofanana na kazi inayoomba jina lilelile kama jipya itakatika. Faharasa ikiwa hai mfumo haukubali ifutwe, lakini ikishazimwa ni dataseti kama nyingine. Kisha:

```
//JENGA    EXEC PGM=ICKDSF
//SYSPRINT DD SYSOUT=*
//VOLDD    DD DSN=SYS1.VTOCIX.PROD01,DISP=(NEW,KEEP),
//            UNIT=3390,VOL=SER=PROD01,
//            SPACE=(TRK,(14),,CONTIG)
//SYSIN    DD *
  BUILDIX DDNAME(VOLDD) IXVTOC
/*
```

Jina lazima lianze na SYS1.VTOCIX. na CONTIG isisahauliwe, maana faharasa nayo haikubali kukatwa. Opareta ataulizwa kwa ICK003D kama anakubali voliumu ibadilishwe. U ni kukubali, T ni kusitisha. Mwambieni mapema ni voliumu gani, ili asijibu kwa kubahatisha.

SWALI: Faharasa yetu ni nzima ila VIR zimebaki chache sana. Je, tunatumia njia hiyohiyo?

JIBU: Karibu hiyo. Tofauti ni kwamba hii iko hai, kwa hiyo anzeni kwa `BUILDIX DDNAME(VOLDD) OSVTOC PURGE`, inayorudisha VTOC kwenye utaratibu wa zamani na kufuta faharasa kwa mkupuo mmoja. Ombi la pili ni IXVTOC yenye SPACE kubwa zaidi. Pia ipo `REFORMAT` yenye EXTINDEX kwa ajili ya kazi hiyo. Fanyeni wakati hakuna kazi kubwa, maana katikati ya hatua hizo mbili voliumu iko bila faharasa.

SWALI: Naomba kanuni ya kupima VTOC na faharasa kwa voliumu mpya. Wengine husema traki 15 zinatosha kila mahali.

JIBU: Traki 15 kwenye 3390 ni DSCB 750. Kwa voliumu ya dataseti chache kubwa zinatosha na kubaki. Kwa voliumu ya watumiaji wa TSO (wanaofanya kazi moja kwa moja kwenye skrini) au ya faili ndogo za kazi za usiku, zitaisha wakati diski bado iko nusu. Ukubwa wa VTOC hufuata idadi ya dataseti, si ukubwa wa diski.

Tuchukue 3390-9, yenye silinda 10,017. Tuseme mnatarajia dataseti 3,000 za kawaida na KSDS 800, yaani dataseti zenye ufunguo za VSAM, njia ya IBM ya kupanga rekodi. Kila dataseti ya kawaida hula Format 1 moja. KSDS hula mbili, moja ya sehemu ya data na moja ya sehemu ya indeksi, hivyo 1,600. Jumla 4,600. Ongezeni Format 3 kwa zile zitakazozidi vipande vitatu. Tukikadiria 700, tunafika 5,300. Dataseti ya VSAM inayofikisha vipande 123 kwenye voliumu moja hula Format 3 kumi peke yake, kwa hiyo msiidharau hesabu hii. Akiba ya asilimia 40 inaleta 7,420, na ukigawa kwa 50 unapata traki 149. Izungusheni iwe 150, yaani silinda 10 kamili.

Faharasa huhitaji nafasi ndogo kuliko VTOC. Traki ya 3390 hubeba VIR 21 za baiti 2,048, hivyo traki 14 ni VIR 294. Kwa majina 4,600 hiyo inatosha vizuri. Majina marefu hujaza VIER haraka kuliko mafupi, kwa hiyo kama utaratibu wenu wa majina hutumia herufi zote 44, msibane.

Amri tunayoipendelea ni hii:

```
  INIT UNITADDRESS(0A30) VERIFY(SCR001) VOLID(PROD01) -
       INDEX(0,1,14) VTOC(1,0,150) STORAGEGROUP
```

Kwenye mabano huandikwa silinda, traki ya kuanzia, na idadi ya traki. Faharasa imejaza silinda 0 iliyobaki, VTOC inaanza silinda 1 na kuishia silinda 10. Tunaiweka faharasa mbele kwa makusudi, ili baada ya VTOC pawepo diski tupu ya kuirefushia siku ikihitajika. Tazameni pia ule mstari mdogo mwishoni mwa mstari wa kwanza. Ukisahaulika, amri huishia hapo, na mstari wa pili, wenye ukubwa wote mliouhesabu, hausomwi kama sehemu yake. Voliumu itapata VTOC ya ukubwa wa kawaida wa ICKDSF na hakuna faharasa.

Na tunasisitiza VERIFY yenye namba ya voliumu ya sasa. NOVERIFY hukubali kifaa chochote kilicho kwenye anwani hiyo, na tarakimu moja ikikosewa imefutwa diski ya mtu mwingine.

SWALI: SYS1.VTOCIX na SYS1.VVDS ni kitu kimoja?

JIBU: Hapana. VTOCIX inahusu mahali: jina fulani lina DSCB wapi, na traki zipi ziko huru. VVDS ni ya katalogi: hubeba rekodi za maelezo, VVR za dataseti za VSAM na NVR za dataseti zisizo VSAM zinazosimamiwa na SMS. Faharasa ikiharibika, hujengwa upya kutoka kwenye VTOC. VVDS ikiharibika hakuna njia rahisi kama hiyo, kwa hiyo ilindeni kwa nakala.

Zinakutana kwenye jambo moja la vitendo. VVDS isipofafanuliwa, mfumo huiunda wenyewe kwa traki 10 za mwanzo na 10 za nyongeza, mahali popote palipo wazi. Pakiwa ni mara tu baada ya VTOC, EXTVTOC imezibwa njia. Bora muiunde wenyewe mara baada ya INIT, na muiweke mbali.

SWALI: Tumepanua voliumu kutoka 3390-9 hadi ukubwa wa silinda 32,760. Kifaa kinaonyesha ukubwa mpya lakini dataseti bado zinanyimwa nafasi.

JIBU: Kifaa kimekua, ila Format 4 na VPSM bado vinaijua diski ya zamani ya silinda 10,017. Endesheni `REFORMAT UNITADDRESS(0A30) VERIFY(PROD01) REFVTOC`, na silinda mpya zitaingia kwenye ramani. Ukiweka `REFVTOC=ENABLE` kwenye DEVSUPxx, faili la mipangilio ya vifaa, mfumo utafanya hivyo wenyewe upanuzi unapotokea. Mkishamaliza, rudini kwenye hesabu ya DSCB: diski imekua zaidi ya mara tatu na VTOC ni ileile.

SWALI: Kwa voliumu za EAV kuna tofauti gani?

JIBU: EAV ni voliumu yenye zaidi ya silinda 65,520. Ilianza na z/OS 1.10 ikiwa na kikomo cha silinda 262,668, na baadaye ikafika 1,182,006, yaani takriban terabaiti moja. VIR zake ni za baiti 8,192 badala ya 2,048, hivyo traki moja hubeba 6 tu. Msinakili hesabu ya traki 14 kutoka diski ndogo. Dataseti zilizopewa sifa za EAV hutumia Format 8 badala ya Format 1, na kila moja huambatana na Format 9 angalau moja, kwa hiyo hesabuni DSCB mbili kwa kila dataseti kabla hata ya kufikiria Format 3. Juu ya silinda 65,520 nafasi hugawiwa kwa mafungu ya silinda 21.

Tofauti kubwa zaidi ni kwamba huku faharasa si hiari. Kwenye diski ndogo, ikizimwa mnarudi kwenye Format 5 na kazi inaendelea kwa kusuasua. Kwenye EAV, dataseti zilizopo husomeka na kufutika, lakini kuunda mpya au kurefusha iliyopo kunashindikana mpaka BUILDIX ikamilike. Kwa hiyo IEC606I ya EAV isisubiri asubuhi. Wekeni ujumbe huo kwenye mfumo wa kuwaamsha walio zamu, na JCL ya BUILDIX iwe imeshaandikwa, yenye ukubwa sahihi wa kila voliumu.